Mawe ya Ngazi

Ndani ya gari la abiria aina ya Noah kutoka Mbinga, afisa wa hifadhi alikuwa akimsifia mama aliyeketi kando yake njia mpya ya matembezi kwenye machimbo ya zamani. "Tumejenga ngazi, mama. Hata wazee wanapanda bila kuhema." Kwenye kiti cha nyuma yao, magoti yangu yakafurahi.

"Mawe mlitoa wapi, mwanangu?"

"Kulikuwa na rundo pale juu. Mabaki ya machimbo."

"Lile ni kaburi la mume wangu. Kifusi kilimfunika, hakutolewa. Kila mpita njia alimwongezea jiwe."

"Samahani, mama, mimi mgeni huku. Sikuambiwa."

"Uliuliza? Sasa rudisha."

"Yameshapigwa saruji, mama."

"Geti la hifadhi!" konda akaita. Mama akashuka. Afisa, aliyekuwa ameomba kushushwa hapo, alibaki ameketi.