Foronya ya Fundi Saa

Haki ya Mungu haya ni kweli tupu. Nikitia hata punje ya chumvi, ulimi wangu uote ndevu. Nilikuwa kwenye treni, nimejisingizia usingizi, kichwa nimekiegemeza kwenye kioo kinachotenga viti. Upande wa pili, mjane mmoja alikumbatia kapu lenye foronya.

“Mkwe wangu kanituma kwa dobi,” akamwambia jirani yake, muuguzi mstaafu wa magonjwa ya ngozi. “Ati inanuka. Marehemu alikuwa fundi saa. Kila jioni alijilaza, akaacha duara la mafuta papa hapa. Nikiilalia, ni kama bado anakoroma.”

“Dada, uchafu ni uchafu. Fua.”

“Si mafuta yake?”

Muuguzi akashusha pumzi. “Ni zaidi ya hayo. Kwenye shina la unywele kuna kifuko. Chembe hai zake hujaa mafuta, zikavimba mpaka zikapasuka, zikawa mafuta yenyewe.”

“Basi ni yeye!”

“Ni yeye aliyechacha. Fua!”

Mjane akacheka huku anafuta machozi. Nikashindwa kujizuia: “Mama, usifue!”

“Kumbe ulikuwa unatusikiliza?”

“Mimi? Nilikuwa nimelala fofofo.”

Muuguzi akanyoosha kidole kwenye kioo. Sikio langu lilikuwa limechapwa pale kwa mafuta, lote na ndewe yake. “Usingizi wa kubana sikio, mzee?”

Treni ikasimama. Faini yangu ikawa kubeba kapu.

“Kwa dobi au nyumbani?” nikauliza.

“Wewe beba,” mjane akasema. “Utajua tukifika njia panda.”