Maharagwe ya Matanga Yangu

Asifiwe Bwana, anayetupa pumzi hata sisi wazee tuliochakaa! Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni muzee wa kanisa hapa Murara, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Tangu ujana nimezichonga, nimezisukuma pia, zikiwa na magunia ya viazi kutoka Kibumba.

Kazi hiyo ilinilisha, ila ilinipa ngiri. Uvimbe ulitoka kwenye kinena ukakua kama kiazi. Nilitembea nimeushika, kama mtu anayeficha kuku chini ya koti! Hata kuimba kanisani nilishindwa.

Kituo cha afya cha kanisa, kule Munigi, kilikuwa kinapasua watu kwa bei moja, dawa na kitanda ndani yake. Nikapewa siku, nikalazwa. Ndipo ikaja habari: katika mpango mpya wa afya, operesheni zote zihamie hospitali kubwa za mjini. Huko mgonjwa hulipia kila kitu peke yake: uzi, glavu, hata dawa ya usingizi. Ndugu zangu, hiyo ilikuwa kuniambia nirudi nyumbani na ngiri yangu. Na daktari alishanieleza kwamba siku ngiri ikijikaza na kubana utumbo, inaua.

Asubuhi ya siku yangu ya kupasuliwa, wakubwa wa mpango walikuja kukagua, na muuguzi akatuambia operesheni zimesimamishwa. Mke wangu, Mama Furaha, alitoka mpaka barabarani akajitupa chini: "Wameua muzee wangu! Wamemuua!"

Mnajua kwetu. Mama akilia hivyo mbele ya kituo cha afya, hakuna anayeuliza swali. Habari ilipanda pikipiki ikafika Murara. Wandugu wakafanya kama tunavyofanya siku zote: huyu kuni, yule makala ya kupikia, mwingine maharagwe, na vijana wakapakia viti vya kanisa juu ya chukudu nilizochonga mimi mwenyewe. Wakaja Munigi wakiimba nyimbo za msiba.

Niliposikia nyimbo, nikatoka nje kuangalia nani amekufa.

Jirani yangu Papa Kambale aliangusha kuni zake. "Muzee! Weye si ulishakufa?"

"Bado," nikamjibu.

"Na hizi kuni nitazirudisha namna gani? Nimezibeba toka Murara!"

Kicheko kilijaa uani, na wakubwa wakatoka ndani. Aliyewaongoza, mama mmoja daktari, akauliza kuna nini. Mke wangu alijifuta vumbi.

"Mama Docteur, hajakufa. Lakini mukiondosha operasyo hapa, atakufa. Mimi nimelia mbele ya wakati tu."

Yule mama hakucheka. Akawauliza waombolezaji ni nani kati yao amewahi kupasuliwa pale. Mikono ikainuka kila upande! Mama Sifa alionyesha binti yake aliyetolewa tumboni kwa kisu. Papa Kambale alitaka kufungua mkanda aonyeshe kovu, tukamzuia haraka! Mama daktari akauliza kwa nini hawakwenda mjini.

"Na franga za wapi, mama?" wakamjibu.

Wakarudi ndani. Mimi nilibaki nimesimama na nguo ya wagonjwa, nikamwambia Mungu: Bwana, mlango huu uubakize wazi, hata kama si kwa ajili yangu.

Naye alisikia! Walipotoka, mama daktari alisema kituo kitaendelea kupasua kwa bei ileile, ila mashine ya kuchemshia vyombo ibadilishwe, na daktari wa hospitali kubwa awe anakuja kuangalia kazi. Masharti ya haki kabisa. Operesheni yangu ikawekwa jioni hiyo.

Na maharagwe? Yalipikwa palepale. Walikula wagonjwa, walikula wakubwa kabla ya kupanda gari. Mimi tu nilikatazwa kula, kwa sababu ya operesheni! Ndugu zangu, niliwatazama wakila matanga yangu huku tumbo linanguruma, nikamshukuru Mungu kwa njaa ile, maana ilikuwa njaa ya mtu aliye hai.

Leo naimba tena sauti ya juu. Wewe unayeficha ugonjwa wako, mtumaini Bwana, nenda ukatibiwe. Na mkisikia mahali pa kutibiwa maskini panataka kuondolewa, msinyamaze; nendeni wote, hata na kuni zenu.

Bwana akulinde wewe unayesoma, na siku watakapokuja watu na viti mlangoni kwako, iwe ni kwa arusi.