Ripoti ya Swichi ya Mpakani

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, ndugu wafanyakazi wenzangu, wanafamilia wa Mama yetu anayestaafu leo, na ninyi mafundi mlioketi karibu na mlango ili simu ikilia mtoke mbio: hamjambo nyote?

Nimepewa dakika tano nimsifu Mama Dakika Kumi. Wageni mtauliza, jina gani hilo? Ni hivi. Pale mtandao wetu unapokutana na mitandao ya majirani kuna swichi ya mpakani, na kazi yake ni kuwaambia majirani: anwani hizi zinapatikana kwetu, zileteni huku. Ukikosea mstari mmoja ukiwa mezani kwako, mawasiliano yanakatika, nawe huwezi tena kuifikia swichi yenyewe uirekebishe. Kwa hiyo Mama, kabla ya kugusa chochote, huiamuru kwanza swichi ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi, irudie mipangilio ya zamani. Mambo yakienda sawa, anaifuta amri hiyo. Yakiharibika, anakunja mikono na kusubiri. Miaka ishirini na sita hajaruka hatua hiyo hata siku moja, na ni nani kati yetu hajamsikia akiuliza kutoka meza ya pili, "Umeweka dakika zako, baba?"

Unacheka, Mama. Cheka tu, maana ninakokwenda hutacheka.

Hotuba niliyoiandika iko mfukoni, na itabaki huko huko. Asubuhi hii kitindamimba wake, ambaye mwezi ujao anaanza masomo ya fani hii hii yetu, alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, ni kweli mama ndiye aliyeangusha mtandao mwaka ule?" Nikajifanya nimeitwa, nikamkimbia mtoto wa watu.

Mwanangu, si kweli. Ni mimi.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado niko kwenye majaribio. Mama alikwenda kula mchana, nami nikataka arudi akute kazi ya kumuunganisha jirani mpya imekwisha, anisifu. Sikuweka dakika. Mbaya zaidi, nikasahau orodha inayochuja tunachokitangaza, na swichi yetu ikamwambia jirani kwamba dunia nzima inapitika kwetu. Jirani akaamini. Mawasiliano ya watu tusiowajua yakamiminika kwenye laini yetu nyembamba, simu za hospitali mbili zikanyamaza, na skrini yangu ikaganda. Mama alinikuta nimekaa kama niliyemwagiwa maji. Hakunigombeza. Alichukua waya wake, akapanda ngazi hadi chumba cha mitambo ghorofa ya nane, akauchomeka kwenye swichi yenyewe na kuufuta mstari wangu.

Wakati ule sote tulitumia nywila moja, kwa hiyo swichi haikuonyesha ni nani aliyeigusa. Ripoti ilipofika mahali pa kumtaja aliyekosea, Mama aliandika jina lake mwenyewe. Nilipomzuia alisema, "Wewe ukiandikwa hapa utafukuzwa. Mimi nitanuniwa tu. Kaa ule, chakula chako nimekuletea."

Hakununiwa tu. Alipewa barua ya onyo, na barua hiyo ndiyo iliyomnyima ukuu wa kitengo mara mbili. Mara ya pili nafasi hiyo nilipewa mimi. Na nikaipokea! Akanipa mkono, akanipongeza kwa dhati, nami nikaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa chake. Miaka kumi na moja nimenyamaza, kila mwaka nikijiambia nitasema mwakani.

Mama, usinipungie mkono nikae. Leo sikutii.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba barua ile itolewe kwenye jalada lake leo, kabla hajakabidhi kitambulisho chake, iingizwe kwenye langu, na lolote litakalofuata nitalipokea. Sikuja na zawadi nyingine. Nawe Mama, uliyenilea kama mwana wa kumzaa, nakuomba radhi mbele ya watoto wako na mbele ya watu hawa wote. Nimechelewa, najua. Lakini ningekuachaje utoke hapa na kosa langu mgongoni?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza hadi hapa. Niruhusuni nishuke, Mama amesimama, anakuja, na sijui ni kunikumbatia au kunichapa.