Mama Kitalu, Aliyengoja Kahawa Iive

Marehemu dada yetu, mliyemwita Mama Kitalu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mwashi na mkunga. Alisoma hadi darasa la nne. Shule ikaishia hapo, kwa kuwa nyuma yake tulikuwa watano wa kulelewa.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kitalu cha miche ya kahawa cha ushirika. Mtunza mbegu wa siku hizo alimfundisha kwa vidole: tunda la mbegu huchumwa likiwa jekundu lote, ukilibonyeza mbegu zateleza zenyewe. Likiwa bichi, mbegu haijakomaa. Likikaukia mtini, imeshachoka. Waliambua kwa mkono, wakatupa zilizoelea majini, wakaanika kivulini, wakapanda mapema kabla mbegu hazijafa. Siku hizi nani ana subira hiyo?

Tarehe 22 Agosti 1981 aliolewa na fundi seremala, baada ya kuahirisha harusi wiki mbili kwa sababu matunda yalikuwa yanaiva. Shemeji alimlalamikia baba: "Mzee, kumbe binti yako ana mume mwingine kule kitaluni!" Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2014 meneja mpya aliamuru mbegu zote zichumwe siku moja, mbichi kwa mbivu, na zianikwe juu ya bati.

"Hizi hazitaota, bwana."

"Mama, mbegu ni mbegu."

Katika kila mia, ziliota kumi na moja. Kwenye mkutano wa wanachama ikasomwa barua ya ofisi: mtunza kitalu, yaani dada yetu, alizembea kumwagilia. Akafukuzwa, baada ya miaka thelathini na tisa.

Kutoka miti ileile alikuwa ameweka mbegu mbivu mia moja, akazianika kivulini. Alizipanda nyuma ya jiko. Zikaota tisini na mbili. Akabeba miche hadi ofisini. Meneja hakuinua hata macho: "Mama, nenda kapumzike."

Kiharusi kilimpata Februari mwaka jana. Ulimi ukiwa mzito, aliuliza kila mgeni: "Wameifuta ile barua?" Mimi nilimwambia ndiyo. Akanitazama. "Mdogo wangu, hata wewe?"

Alifariki hospitalini tarehe 19 Juni mwaka huu, saa tatu asubuhi. Barua haijafutwa. Ofisi imeleta shada, lile pale. Basi sisi nduguze tunaifuta hapa, mbele yenu nyote: mbegu zile hakuziua yeye.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na wadogo zake watano. Mungu ampe pumziko ambalo watu walimnyima.