Paneli ya Rozalia Iliyo Juu ya Gari Lako

(Risala ya vibarua wa vitunguu na kahawa, Kata ya Baray, kwa Meneja wa Kanda wa kampuni ya sola)

Mgeni rasmi, Bwana Noel, tunaona dereva ameshawasha gari na wewe umeshafunga mkanda. Usijisumbue kushuka, tutasomea hapa hapa dirishani. Hosiana, mkulima wa hapa, amefungulia maji shambani kwake, leo ni zamu yake, na mfereji wake unakatiza barabara. Gari halitapita kwa nusu saa hivi. Tunaomba radhi, ingawa zamu tulizipanga wenyewe.

KARIBU

Karibu Baray. Kofia ulizotugawia tumezivaa. Tumefurahi.

HISTORIA

Sisi tuko kumi na mmoja. Wengi tumetoka Singida, Dodoma na Mbulu. Tunang'oa vitunguu hapa, kahawa ikiiva tunapanda Karatu kuchuma, kisha tunarudi. Mwaka juzi wakala wenu alikuja na bango: SOLA KWA MKOPO, BILA RIBA. Waislamu wetu wakashukuru Mungu, Wakristo tukashangilia hilo neno "bila". Sairowua, jirani yetu mfugaji, ndiye peke yake aliyeuliza:

"Kijana, ukiniazima ng'ombe bila riba, kamba ni ya nani?"

"Mzee wangu, hii si ng'ombe."

"Ndiyo maana nauliza."

Hakuchukua. Mimi Sebastiani, msomaji wa risala hii, nimezunguka nchi hii miaka arobaini na begi moja. Nikawaambia wenzangu: chukueni, ni nyepesi, tutatembea nayo. Kosa hilo ni langu na nalisema mbele ya watu.

MAFANIKIO

Mwanga tuliuona. Hesabu pia tumejifunza. Dukani Karatu sola hiyo ni shilingi 380,000 taslimu. Kwenu ni kianzio 50,000, halafu 1,000 kila siku kwa siku 600. Jumla 650,000. Tulimuuliza wakala hiyo 270,000 ya juu inaitwaje. Akasema, "Hiyo siyo riba, wazee, hiyo ni bei ya mkopo." Tukamshukuru kwa kutuelimisha.

CHANGAMOTO

Siku usipolipa, kisanduku cha sola kinajifunga chenyewe, na kukifungua ni 5,000. Kibarua analipwa vitunguu vikishauzwa, halipwi kila asubuhi. Basi taa kumi zimefungwa. Iliyobaki inawaka ni ya Rozalia, mwenzetu wa Mbulu. Kwake ndiko tunakochaji simu, na simu hizo ndizo tunazowalipia ninyi. Rozalia mwenyewe ameshalipa siku 571. Zimebaki 29.

Lakini alifanya kama nilivyosema: akabeba sola yake mgongoni. Alikwenda nayo Karatu kwenye kahawa, Mbulu kwenye msiba wa mama yake, akarudi nayo Baray. Hatukujua kisanduku kinawaambia ninyi kilipo. Kila safari mkamwandikia ada ya uhamisho, 35,000. Mara tatu, 105,000. Kwa deni hilo, leo fundi wako amefungua paneli yake akaipandisha garini huku sisi tukikupigia makofi.

MAOMBI

Kwanza, paneli ishuke. Ukiondoka nayo simu zote zitazima, na hata mwenye hela hatakuwa na njia ya kuwatumia.

Pili, ile 650,000 iandikwe kwenye bango, kwa herufi kubwa zilezile za BILA RIBA.

Tatu, ada ya uhamisho ifutwe kwa watu wanaofuata kazi.

Kama hayo ni magumu, basi tutaomba ulipie mapokezi. Usishtuke. Mbuzi uliyemla ni bure, hana riba. Soda bure. Kiti bure. Ila kiti chenyewe umekihamisha mara tatu ukifuata kivuli cha turubai, na sisi tulikuwa tunahesabu. Uhamisho ni 35,000. Mara tatu, 105,000.

Mungu akufikishe salama, maji yakishapungua. Awabariki wanao, na mikono ya fundi wako iwe myepesi kufunga kama ilivyokuwa kufungua.

Ni sisi,
Kikundi cha Taa Kumi na Moja, Baray.

Nyongeza kwenye nakala ya faili:

Bwana Noel alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliandika nyuma ya risala, "105,000 kwa 105,000, hatudaiani," akatia sahihi. Fundi alishusha paneli. Rozalia alimaliza siku zake 29. Miezi minne baadaye betri ilikufa, sasa anatumia ya pikipiki. Wengine watano walimaliza kulipa. Watano sola zao zilichukuliwa, mmoja wao mimi Sebastiani. Hosiana alivuna magunia arobaini. Sairowua aliuza mbuzi watano akanunua sola ya taslimu Karatu. Bango halikubadilika. Bwana Noel alihamishiwa Kigoma. Mimi niko kijiji cha Kakesio, natumia tochi.