Mama Dafroza na Gasketi ya Vipengo Vitatu

Dai la wasifu huu ni moja, nalo linatajwa mapema ili asiyelikubali ajiandae: fundi bora kuliko wote waliopata kufanya kazi katika Karakana ya Ushirika ya Ziwani, Musoma, ni Bibi Dafroza Wegesa, mtunza stoo, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, na ambaye hajawahi kufungua nati hata moja ya gari la mteja.

Aliajiriwa kama mhudumu wa usafi, akitembea kwa miguu kutoka Kamunyonge kila asubuhi na kufika kabla ya mlinzi hajaamka. Miaka kumi na miwili baadaye mtunza stoo wa wakati huo alihama, naye akakabidhiwa funguo kwa muda. Muda huo umefikia miaka kumi na tisa.

Stoo ndiko alikosomea. Kila boksi la gasketi huja na karatasi ya maelezo, ambayo kwa mafundi wetu ni kitambaa cha kufutia mikono. Yeye alizikunjua, akazinyoosha kwa kiganja, akazisoma nyumbani kwa msaada wa kamusi ya shule ya mwanawe Fredy. Zilimfundisha kwamba injini kongwe ya dizeli, yenye silinda sita za mstari mmoja, haina aina moja tu ya gasketi ya silinda hedi, kile kibati kinachoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake. Inazo tatu. Matundu yake ni yale yale. Tofauti ni unene, nao hutambuliwa kwa vipengo vidogo vilivyokatwa ukingoni: kimoja kwa nyembamba, viwili kwa ya kati, vitatu kwa nene. Ipi ifungwe huamuliwa na pistoni, kwa kadiri zinavyochomoza juu ya bloku zinapofika kileleni. Ukifunga nyembamba mno, pistoni itagonga juu. Ukifunga nene mno, mgandamizo utapungua, na asubuhi injini itatoa moshi mweupe bila kuwaka.

Desturi ya mkoa wetu, hata hivyo, ni sampuli. Fundi hubeba gasketi ya zamani, huilinganisha na mpya tundu kwa tundu, kisha hurudi ameridhika. Wenye sampuli walipokelewa dirishani kwa maneno yale yale kwa miaka kumi na tisa: "Hiyo imekanyagwa na injini miaka kumi, baba. Gasketi iliyokanyagwa inadanganyaga."

Juu ya dirisha hilo alibandika kipande cha boksi kilichoandikwa HAKUNA NAMBA, HAKUNA GASKETI. Namba zilizotakiwa ni kumi na mbili: kila pistoni ipimwe kwa geji pande mbili, na kipimo kikubwa kuliko vyote ndicho kichague. Fundi Boniphace, mkongwe wa karakana, alilalamika kwamba hata siku aliyofunga ndoa kanisani hakuulizwa maswali mengi kiasi hicho. "Wangekuuliza, Nyangi asingeolewa," alijibiwa, na mkewe Nyangi alipopelekewa habari hizo aliziunga mkono. Meneja wetu, Bwana Enoka, alipata kutuma gari lake mwenyewe likiwa na kikaratasi chenye saini badala ya vipimo. Kikaratasi kilirudi na swali kwa kalamu nyekundu: saini hii ni milimita ngapi?

Wapo wanaoshikilia kwamba fundi ni yule anayeshika spana. Hoja hiyo haina miguu. Asomaye picha ya mfupa hashiki msumeno, lakini akikosea, mguu unaokatwa ni ule mzima. Tena tuna ushahidi. Tangu alipokabidhiwa funguo, karakana imeunda upya injini za silinda sita mia mbili na kumi na nne. Zilizorudi kwa kuungua gasketi ya hedi ni mbili. Zote mbili zilifungwa katika wiki ambayo Mama Dafroza alikuwa likizo.

Ushahidi mzito zaidi anao mwandishi wa wasifu huu, naye angependa usiwepo. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na shahada ya uhandisi mitambo yenye umri wa miezi minne, alipewa lori la Mzee Ryoba wa Bunda katikati ya msimu wa pamba. Bloku ilikuwa imetoka kukwanguliwa uso. Mwandishi alilinganisha sampuli, akahesabu kipengo kimoja, akaomba gasketi ya kipengo kimoja. Alinyimwa. Alieleza elimu yake. Alinyimwa tena, safari hii kwa upole.

"Jamani, msomi na mama, malizaneni," alisema Mzee Ryoba, aliyekuwa amekalia tairi. "Pamba yangu haijui shahada."

Badala ya kupima, mwandishi alikaa akaandika barua kwa meneja, kurasa mbili, akimshtaki mtunza stoo kwa "kuingilia maamuzi ya kitaalamu bila sifa stahiki". Meneja alisoma, akaamuru pistoni zipimwe ili shauri liishe. Fundi Boniphace alizungusha injini kwa mkono, mwandishi akasoma geji. Bloku iliyokwanguliwa ilikuwa imepungua kimo, kwa hiyo pistoni zilichomoza zaidi kuliko awali. Ya tano ilivuka kiwango cha kipengo kimoja na cha viwili. Gasketi niliyoidai ingeivunja injini hiyo kabla haijafika Bunda. Mama Dafroza alinipa ya vipengo vitatu na kusema, "Pole, mwanangu. Kapige chai kwanza." Lori hilo linabeba pamba hadi leo.

Barua sikuiondoa. Nilidhani imekwisha kazi yake. Mwezi Mei wafanyakazi kumi na wanne waliomba cheti cha utumishi cha Mama Dafroza kiandikwe "Fundi Mwandamizi, Uteuzi wa Vipuri", badala ya "Mhudumu wa Stoo". Ofisi ya meneja ilikataa kwa sababu moja: katika faili lake kuna malalamiko ya mhandisi kwamba hana sifa.

Mhandisi huyo ni mimi. Malalamiko yale yalikuwa ya uongo kwa kipimo cha pistoni ya tano, na ninayafuta hapa, mbele ya kila msomaji wa jarida hili. Sababu pekee iliyotolewa haipo tena.

Mama Dafroza, tunakushukuru kwa kila "hapana" uliyotuambia. Unakokwenda upate afya, usingizi wa kutosha, na watu wanaojibu unachowauliza.

Kwako, Bwana Enoka: hafla ni Ijumaa tarehe 27, na hotuba yako imepangwa kabla ya cheti kukabidhiwa. Wafanyakazi hawataki barua nyingine. Tunataka usimame mbele yake, mbele yetu na mbele ya wateja walioalikwa, useme kwa sauti: Dafroza Wegesa alikuwa nani katika karakana hii, na ukisema si fundi, ututajie ni kipimo gani alichokosea.

Jofrey Masatu
Mhandisi Msaidizi