Muujiza Uliokanyaga Gauni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Sindano, fundi wa nguo za kike, aliyetutoka wiki hii. Bi Sindano, yule wa filamu. Nasema yule wa filamu kwa sababu wengi wenu mlimjua siku mlipomwona kwenye skrini mkatoa machozi. Kabla ya hapo mlipita mlangoni kwake mkiangalia juu, kama watu wanaotafuta mvua.

Bi Sindano hakutembea tangu utotoni. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, cherehani akaizungusha kwa mkono. Magauni yake alijishonea mwenyewe, akayakata ya mtu anayekaa. Mbele refu, lifunike magoti na miguu. Nyuma fupi, lisinase kwenye magurudumu. Shikeni hilo: mbele refu, nyuma fupi.

Basi akaja bwana mmoja, mpiga picha wa harusi, aliyenunua miwani nyeusi akaanza kujiita Dairekta. Studio hana, mfadhili hana, mdomo anao. Anatengeneza filamu ya ulemavu, wema na imani.

"Bi Sindano, wewe ndo stelingi!"

"Na mwishoni nafanya nini?"

"Unaombewa, unasimama! Watu watalia!"

Bi Sindano akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, imani ninayo. Miguu ndo sina. Usinichanganyie mambo. Kila asubuhi nasali kabla sijatunga uzi, na namwomba Mungu macho, siyo miguu. Mwisho nakaa hivi hivi. Hutaki, tafuta mwingine."

Mdogo wake, aliyekuwa akimsukuma kiti, anakumbuka: "Dairekta alikubali haraka mno. Mtu akikukubalia hivyo, ficha vitu vyako."

Wakapiga picha zote, mpaka ile ya mwisho, Bi Sindano amekaa anasali. Kisha Dairekta akaazima gauni lake la bluu. La bango tu, alisema. Mpenda wema huyo! Alikwenda kumvalisha shemeji yake, mwanamke mwenye miguu yake kamili, akamkalisha kwenye kiti cha kuazima, kamera mgongoni uso usionekane. Mwombeaji wa kuigiza akapaza sauti: "Simama!"

Shemeji akasimama. Nyuma, gauni likaishia magotini. Mbele, likalala sakafuni kama pazia. Akapiga hatua ya kwanza ya muujiza, akakanyaga pindo, akaenda chini mzimamzima, pua mbele. Gauni likachanika, chwaa! Gauni lingine hakuna, na shemeji kavimba uso. Muujiza ukaishia hapo.

Gauni likarudishwa ndani ya mfuko, eti limenasa kwenye msumari. Bi Sindano akalikunjua. Kwenye pindo la mbele, alama ya kiatu, ina vumbi.

"Mdogo wangu, njoo uone," akasema. "Viatu vyangu havijawahi kukanyaga vumbi. Hawa watu wamenisimamisha!" Akacheka mpaka akashika cherehani. Kisha akalishona.

Filamu ikatoka na mwisho wake Bi Sindano, amekaa, anasali, anatunga uzi. Mkaupenda mwisho huo kuliko yote. Na Dairekta akawa anajibu kila anayeuliza, bila haya: "Nilitaka iwe hivyo tangu mwanzo."

Kwa mdogo wake na familia yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Kwa Dairekta sina pole, miwani inamtosha. Na wewe msikilizaji, yule unayemhurumia pale mtaani, ulishamuuliza anataka nini? Au ulishamwamulia?

Maana hata makaburini Dairekta alishika maiki. "Leo dada yetu kasimama!" akalia. "Leo anakimbia huko juu!" Watu wakaitikia amina, wengine mikono hewani.

Mdogo mtu, aliyemvisha marehemu lile gauni la bluu kwa mikono yake, wala hakupandisha sauti.

"Hakimbii popote," akasema. "Nimemvalisha gauni la kukalia."